Kodi ya kichwa na kodi ya mshahara: habari ya ng'ambo mbili za Mweru

Jirani yangu mmoja hapa Mantapala, mama mwenye shamba zuri la kabichi na nyanya, aliambiwa kwamba akitaka kuuza mboga kwa mkataba lazima awe na namba ya mlipa kodi, ile inayoitwa TPIN. Alirudi nyumbani bila kusema neno. Jioni akaja kwangu, akakaa, akasema: "Mwalimu, mi siwezi. Jina yangu bakisha kuiandika mu buku ya kodi, habataitosha tena. Baba yangu balimufunga juu ya kodi."

Nilimjibu ovyo. Nikamwambia, "Mama, ile ni karatasi tu." Hakwenda. Mkataba ulichukuliwa na mtu mwingine, na kabichi zake aliziuza kwa bei ya kutupa, nyingine zikaoza.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kwa nini neno moja, kodi, linaweza kumnyima mtu mwenye akili zake usingizi? Nimewauliza wazee wa Pweto na wa Moba tunaoishi nao hapa, nimewauliza wazee Wazambia wa Kashikishi na Nchelenge, tena nimesoma nilichopata. Nimeona kwamba mama yule hakuwa mjinga. Anakumbuka kitu cha kweli. Ila kitu anachokikumbuka na kitu alichoombwa ni vitu viwili tofauti, na mimi sikumweleza tofauti yake. Basi naieleza hapa.

Tuanze zamani. Kabla ya mipaka, watu wa ziwa hili na wa bonde la Luapula walipeleka mulambo kwa wakubwa wao, na mkubwa kupita wote upande huu alikuwa Mwata Kazembe wa Walunda. Mvuvi alipeleka samaki, mwindaji alipeleka nyama au pembe, mwenye shamba alipeleka chakula. Hakuna anayesema ilikuwa raha. Mkubwa aliyekasirika aliweza kuchukua hata watu. Lakini mulambo ulitoka katika kitu ulichokipata. Mvuvi asiyepata samaki hakuwa na samaki wa kupeleka, na jambo hilo lilieleweka. Tena ulipopeleka ulitegemea kitu: ardhi, pahali pa kuvulia, kusikilizwa kesi yako, kulindwa.

Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kwa Mwata Kazembe wa kumi kutafuta mkataba. Nyuma yake ikaja kampani, British South Africa Company, ambayo watu walizoea kuiita Kampani tu. Ikajenga boma lake Kalungwishi, karibu na ziwa. Kampani ilitaka bendera yake ipepee na watu walipe. Mwata alikataa. Mwaka 1899 askari wa Kiingereza wakaja na kuchoma mji wake, naye akakimbia kwa kuvuka mto Luapula. Mwaka uliofuata alirudi, nchi ikiwa mikononi mwa Kampani.

Wenzangu, tusimame hapo kidogo. Mwata Kazembe mwenyewe alivuka maji haya kwa kukimbia. Tunaposema "siye bakimbizi" kama vile jambo hili limeanza na sisi mwaka 2017, tunasahau kwamba ziwa hili limevusha watu mara nyingi, kutoka kila upande, na mara nyingi sababu ilikuwa kodi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Kampani ilileta kodi ya nyumba: shilingi 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Mtu mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, basi alilipa mara mbili. Shilingi 3 ni ndogo ukizitamka. Lakini kijiji cha wavuvi kilikuwa na samaki, muhogo na chumvi. Shilingi hakikuwa nazo. Shilingi zilikuwa kwa mzungu, na ili uzipate ilikupasa umfanyie kazi mzungu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Kodi ilikuwa njia ya kujaza hazina, tena ilikuwa njia ya kuwatoa wanaume vijijini. Wengine walikwenda kusini kwenye migodi ya Rhodesia ya Kusini. Wengine walivuka kwenda Katanga, ambako Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanza mwaka 1910. Kampuni za kuandikisha vibarua zilifika hadi bonde la Luapula kutafuta mikono.

Hesabu ya kodi ile ilikuwa rahisi, na ubaya wake ulikuwa humohumo. Haikuuliza umepata nini mwaka huu. Iliuliza tu: uko hai? Una nyumba? Lipa. Mwaka wa samaki wengi ni shilingi 3, mwaka wa njaa ni shilingi 3. Asiyekuwa nazo alifungwa au alitumikishwa, na kuna nyumba zilizochomwa moto.

Upande wetu wa Kongo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati wa Mfalme Leopold kodi ililipwa kwa mwili: mpira, mizigo, chakula cha askari. Serikali ya Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, ikaanza kugeuza kodi ile iwe ya pesa. Dekreti ya mwaka 1910 iliweka kodi kwa kila mwanaume mzima, na nyongeza kwa kila mke baada ya wa kwanza. Kwa miaka kadhaa risiti ilikuwa kipande cha chuma chenye alama ya mwaka. Ukikutana na askari njiani anakuuliza: kiko wapi? Ukikikosa, umepatikana. Halafu kuanzia mwaka 1917 zikaongezwa siku 60 kwa mwaka za kulima kwa lazima mazao yaliyochaguliwa na serikali. Kodi ya pesa juu, kodi ya jembe chini.

Sasa weka pande mbili hizi kwenye ziwa moja, na mtumbwi katikati. Watu walifanya kile ambacho wewe ungekifanya. Wakati wa mpira na askari wa Leopold, familia za Kongo zilihamia upande wa Kiingereza. Kampani ilipobana kodi upande huu, wengine walivuka kwenda Kongo. Kuanzia miaka ya 1908 hivi, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, Waingereza waliwahamisha watu kutoka kando ya Luapula na Mweru na kuwazuia kuvua. Hapo tena wengi walichukua mitumbwi yao wakaenda ng'ambo ambako bado waliweza kuweka nyavu. Mwanahistoria Mzambia Mwelwa Musambachime amezichunguza safari hizi za miaka ya 1900 hadi 1940, na anaziita uhamaji wa kupinga. Hawakuandika barua kwa serikali, walipiga kasia. Njo maana leo kuna Pweto na Kilwa upande ule, Chiengi na Nchelenge upande huu, na majina ya koo ni yaleyale.

Samaki nao waliingia katika hesabu hiyo. Migodi ya Katanga ilihitaji chakula, wafanyabiashara Wagiriki wakajiweka Kasenga kwenye Luapula, na samaki wa Mweru wakaanza kupelekwa Élisabethville. Mvuvi aliyepata soko aliweza kulipa kodi bila kwenda mgodini. Kwa hiyo alivua zaidi. Mpumbu, yule samaki aliyekuwa akipanda mito kwa wingi kutaga mayai, alikuwa amepungua sana kufikia miaka ya 1940. Sisemi ni kodi peke yake iliyommaliza mpumbu. Soko lilikuwa na mkono wake, nyavu nazo zilikuwa na mkono wake. Lakini kodi ilikuwa inasukuma kwa nyuma.

Watu hawakuvuka maji tu. Mei 1935, serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilitangaza kwamba kodi ya wafanyakazi wa Copperbelt inapanda kutoka shilingi 12 na senti 6, hizi za Kiingereza, hadi shilingi 15. Wachimba migodi wa Mufulira waligoma, wakafuata wa Nkana, kisha wa Luanshya. Huko Luanshya polisi walipiga risasi, watu 6 wakafa. Wengi wa wagomaji walitoka huku kaskazini, watu wa lugha ya Kibemba ambao kodi ilikuwa imewatoa vijijini, na sasa kodi ileile iliwafuata mgodini. Mgomo ule unahesabiwa kuwa mwanzo wa harakati za wafanyakazi wa nchi hii.

Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960 na Zambia mwaka 1964, watu walidhani kodi ya kichwa imekufa. Haikufa mara moja. Zambia ilibaki na ushuru wa mtu binafsi uliokusanywa na halmashauri. Zaire ilikuwa na CPM, yaani mchango wa chini wa kila mtu mzima, na hiyo njo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu. Karatasi ndogo, lakini kwenye barriere ilikuwa na nguvu kupita kitambulisho. "Unapita kuenda ku soko na mihogo," mzee mmoja wa Moba aliniambia, "banakuuliza CPM. Ukikosa, mihogo inabaki pale, ao weye unabaki pale." Baba ya jirani yangu alibaki pale siku tatu. Kwa majirani zetu pia hadithi ilikuwa hiyohiyo: Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, Uganda ikaondoa kodi yake ya kichwa mwaka 2005, na sehemu zote mbili watu walishangilia.

Hiyo njo kodi ambayo mama yule aliiona alipotajiwa TPIN. Sasa tuangalie kodi yenyewe anayoulizwa leo.

Kodi ya mapato ina baba mwingine. Uingereza iliianza mwaka 1799 kwa ajili ya vita na Wafaransa, na iliwalenga wenye mapato makubwa. Wazo lake ni kwamba hutozwi kwa sababu unapumua. Unatozwa kwa sababu umepata, na asiyepata kiasi fulani halipi kitu. Mwaka 1944, katikati ya vita vingine, Waingereza wakaanzisha utaratibu wa mwajiri kukata kodi kabla ya kumpa mfanyakazi mshahara. Utaratibu huo njo huu unaitwa PAYE, na Zambia inautumia. Sheria ya kodi ya mapato ya Zambia ni ya mwaka 1966, na anayeisimamia ni Mamlaka ya Mapato, ZRA, iliyoanza kazi mwaka 1994.

PAYE inapanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyowekwa kuanzia Januari 2024, kwa mwezi:

Kwacha 5,100 za kwanza: hazikatwi kitu.
Kutoka 5,100 hadi 7,100: asilimia 20.
Kutoka 7,100 hadi 9,200: asilimia 30.
Zinazopita 9,200: asilimia 37.

Hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani ukipata kwacha 5,200 basi unakatwa asilimia 20 ya zote, kwa hiyo ni bora ubaki chini. Sivyo. Kila ngazi inatoza kile kilicho juu yake tu. Mwenye 5,200 anakatwa asilimia 20 ya kwacha 100, yaani kwacha 20. Mwenye 6,000 anakatwa asilimia 20 ya 900, yaani 180. Mwenye 10,000 anakatwa 400 kwenye ngazi ya pili, 630 kwenye ya tatu, na 296 kwenye kile kilichozidi: jumla 1,326. Hakuna mtu anayepata hasara kwa kuongezewa mshahara.

Kwenye karatasi ya mshahara utaona pia NAPSA, asilimia 5, na NHIMA, asilimia 1. Hizo si kodi ya mapato. Ya kwanza ni akiba ya uzeeni, ya pili ni bima ya afya, na mwajiri naye anatoa kiasi kama chako. Mtu anayesema "banakata kodi nyingi" mara nyingine anahesabu hizo tatu pamoja. Soma mstari kwa mstari.

Wenzetu wanaofanya kazi za jamii hapa kambini kwa malipo ya motisha, ikiwa malipo yako ya mwezi hayafiki 5,100, PAYE yako ni sifuri. Na chakula au pesa za msaada unazopewa kwa sababu wewe ni mkimbizi si mshahara. Viwango hivi vinaweza kubadilika: bajeti inasomwa bungeni mwezi wa Septemba, na mabadiliko yanaanza Januari. Usibebe tarakimu zangu miaka mitano kama Biblia.

Mwenye biashara yake mwenyewe yuko kwenye njia nyingine. Biashara ndogo inatozwa kodi ya mauzo, ambayo kuanzia 2025 ni asilimia 5, na mpaka wake ni mauzo ya kwacha milioni 5 kwa mwaka. Angalia neno: mauzo, si faida. Ukinunua chisense kwa 900 pale Kashikishi na kuwauza kwa 1,000, kodi inaangalia ile 1,000. Kwa hiyo daftari la mauzo ni la lazima. Bila daftari hujui unadaiwa nini, na mwingine anaweza kukukadiria anavyotaka.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Nilisema TPIN ni karatasi tu. Namba yenyewe ni bure, na kuwa nayo si deni. Lakini ukishaandikishwa kwa kodi ya biashara, unapaswa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mauzo, kwa wakati wake, hata kama hukuuza kitu. Ukinyamaza, faini inakuja. Mama alihisi kwamba kuna mzigo nyuma ya jina kuandikwa, na mzigo upo. Si kamba ya shingoni kama CPM, lakini upo, na mtu ana haki ya kuujua kabla ya kuubeba.

Swali linalobaki ni letu sisi wakimbizi: je, inatuhusu? Inatuhusu. Kodi ya mapato haiulizi uraia. Inauliza pesa imepatikana wapi, na mtu aliyekaa Zambia siku 183 au zaidi katika mwaka anahesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi. Kulipa hakukupi uraia, wala hakukuondolei ukimbizi. Kazi yenyewe inahitaji ruhusa, na hilo ni jambo lingine: Zambia ilipojiunga mwaka 1969 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake kwenye vifungu vya kazi na vya kutembea. Lakini kifungu cha 29 haikukiwekea sharti. Kifungu hicho kinasema mkimbizi asitozwe kodi au ada ya juu kuliko ile anayotozwa mwananchi aliye katika hali kama yake. Yaani mwenye kantemba Mzambia na mwenye kantemba Mkongomani wako sawa mbele ya kodi. Anayekuambia "wewe mkimbizi lipa mara mbili" anavunja sheria. Anayekuambia "wewe mkimbizi huhusiki kabisa" naye anakudanganya.

Tena tayari tunalipa. VAT ya asilimia 16 imo ndani ya bei ya vitu vingi vya dukani. Anayesema wakimbizi hawachangii kitu Zambia, hajaangalia kipande chake cha sabuni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata kwacha moja, uliza mambo matatu. Ni kodi gani, na jina lake ni nani? Inahesabiwa kutoka kitu gani: mshahara, mauzo, au meza ya sokoni? Risiti iko wapi, na imetolewa na ofisi gani? Ushuru wa soko wa halmashauri si kodi ya mapato, na mtu anayezunguka bila risiti hakusanyi lolote kati ya hayo mawili. Wazee wetu waliogopa kukosa karatasi. Siye tuogope kutoa pesa bila karatasi.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijitabu hiki: mnapoandika kwenye tangazo "lazima uwe na TPIN", kumbukeni mnazungumza na watoto wa watu waliofungwa kwa karatasi. Msiseme "jiandikishe tu", kama nilivyosema mimi. Kaeni nusu saa, mweleze hesabu, mweleze ritani, mweleze ni kitambulisho gani cha mkimbizi kinakubaliwa, mweleze afanye nini siku akiacha biashara. Nusu saa ile ingeokoa kabichi nyingi.

Tangazo la msimu huu limebandikwa tena. Nilimsomea mama haya yote, polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: "Nikikosa kuuza mwezi moja, nitalipa?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Utaandika sifuri, lakini utaiandika." Akafikiri. "Baba yangu habakumuuliza kama aliuza," akasema.

Bado hajaenda. Lakini juzi alimtuma mtoto kuninunulia kalamu na daftari, moja langu la shukrani, moja lake. Kwenye lake ameshaandika tarehe, nyanya, ndoo 2.